Droni na Upepo wa Kisiwa Chetu

Kwa muda sasa wanachama wetu wengi wamekuwa wakituletea maswali juu ya zile ndege ndogo zisizo na rubani, zenye kamera, ambazo sote twaziita droni. Wako walionunua zao wenyewe, wako walioletewa na watoto wao walioko Oman au Uingereza, na wako wanaotaka kujua tu kama chombo kile chaweza kuwafaa shambani. Wachache wametuuliza habari za kamera au za bei. Wengi wameuliza habari za upepo. Na wana haki kuuliza, maana twasikia mara kwa mara habari ya droni iliyoondoka vizuri mbele ya mwenyewe, ikapiga picha mbili tatu, kisha ikaenda zake baharini na isionekane tena.

Mwenye mikarafuu hahitaji kufundishwa kwamba upepo si mchezo. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kwa kuwa Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, hiyo ni moja katika sababu za karafuu kuwa nyingi zaidi huku kwetu. Lakini upepo tunaoujua sisi ni wa chini: ule unaotikisa matawi, unaowachelewesha wachumaji kupanda, unaopeperusha makonyo juu ya majamvi. Droni haikai chini. Huruka mita 40, 60 au 100 juu, mahali ambapo wengi wetu hatujapata kusimama, na huko upepo ni mwingine.

Kwanza tuseme kidogo juu ya faida, maana asiyejua faida hatakubali taabu. Mikarafuu mikubwa hufika mita 10 mpaka 15, na mwenye shamba atembeaye chini yake haoni vilele. Kutoka juu, mti ulioanza kukauka kileleni huonekana mara moja kwa rangi yake. Mapengo yanayotaka miche huhesabika. Njia ya maji na mpaka wa shamba hudhihirika. Serikali yetu ililijua jambo hili mapema. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni ili kupata ramani mpya, na vijana wa chuo hicho wakafundishwa kuzirusha. Droni zile zilikuwa na mbawa, kama ndege hasa. Hizi zilizo mikononi mwa wanachama ni aina nyingine: zina panga nne zinazozunguka, na nyingi hazifiki uzito wa robo kilo. Yote tutakayosema hapa ni juu ya hizi ndogo.

PEPO MBILI, NJIA MOJA

Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, nayo huzidi nguvu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba mpaka Machi hivi. Kila mtoto wa kisiwa hiki anayajua hayo. Lakini yatazameni tena kwa jicho la mrusha droni. Pepo zote mbili zina umashariki ndani yake. Maana yake ni kwamba kitu chepesi kikiachwa hewani juu ya Pemba, iwe Julai au iwe Januari, aghlabu kitasukumwa upande wa magharibi.

Na mikarafuu yetu mingi iko wapi? Iko magharibi na katikati ya kisiwa. Mtu asimamaye shambani karibu na Mkoani au Wete, upepo ukimpiga mgongoni, mbele yake ni Mkondo wa Pemba, na ng'ambo ya mkondo ni Tanga. Kati ya hapo na pale hapana pa kutua. Mtu wa bara droni ikimshinda itaanguka katika shamba la jirani, na pengine ataiokota nzima. Sisi yetu itaanguka katika maji ya kina kirefu.

Jambo la pili ni la hila zaidi. Kwa kuwa pepo hizo zatoka mashariki, upande wetu wa magharibi umekingwa na vilima na miti. Asubuhi ya Julai mtu aweza kusimama bondeni, chini ya mikarafuu, asione hata jani likitikisika, akasema leo shwari. Droni yapanda mita 10, shwari. Yapanda mita 20, shwari. Yapita vilele vya minazi, na hapo yakutana na Kusi yenyewe, ambayo ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyetu wakati wote ule. Hata penye uwanja wazi, upepo wa mita 60 juu huweza kuwa mara moja na nusu ya ule unaotupiga usoni, na penye miti na vilima tofauti huzidi hapo. Tena nyuma ya kilima au safu ya minazi upepo hauendi sawasawa. Hujiviringisha, ukashuka na kupanda kama maji yaliyopita juu ya jiwe. Droni ikiingia humo huonekana kama inavutwa chini na mkono usioonekana. Kwa hiyo tunawasihi wanachama wasirushe wakiwa bondeni. Pandeni juu ya kilima, au simameni mahali peupe, mpate kuhisi upepo ule ule utakaoihisi droni.

NI KIASI GANI NI KINGI?

Watengenezaji huandika kipimo katika karatasi za chombo. Mathalan, droni ya DJI iitwayo Mini 4 Pro imeandikiwa kwamba yahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, yaani kilomita 38 na nusu kwa saa. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Ndio ukomo wa daraja la 5 katika madaraja ya upepo yaliyopangwa na Francis Beaufort, ofisa wa manowari za Uingereza, mwaka 1805, na ambayo kwa umbo lake la sasa mabaharia wa dunia nzima wayatumia.

Uzuri wa madaraja haya ni kwamba hayataki mashine, yataka macho. Katika daraja la 3, majani na vijiti vyembamba havitulii, na bendera nyepesi hukunjuka. Upepo ni mita 3.4 mpaka 5.4 kwa sekunde. Katika daraja la 4 vumbi huinuka, karatasi hupeperuka, na matawi madogo hutikisika. Hapo ni mita 5.5 mpaka 7.9. Katika daraja la 5 miti midogo yenye majani huanza kuyumba mizima. Katika la 6 matawi makubwa huenda huku na huku, nyaya hupiga mluzi, na mwavuli huwa taabu kuushika. Tazameni vilele vya minazi mirefu, msitazame mihogo iliyo miguuni penu.

Yafaa pia kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Inapotoa tahadhari kwa wavuvi ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mrusha droni naye ahesabu kwamba ameambiwa yeye, kwani kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kwa sekunde, na hiyo imekwisha kupita kipimo cha chombo chake.

Lakini hata neno "kuhimili" lataka kufahamiwa vizuri, na wauzaji hawalielezi. Kuhimili maana yake ni kwamba droni yaweza kusimama hewani bila ya kuchukuliwa. Si maana yake kwamba yaweza kwenda itakako, ikafanya kazi, ikarudi, na betri ikabaki.

HESABU YA KURUDI

Tuchukue droni yenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde, kama ilivyo Mini 2 swichi yake ikiwa kwenye herufi N. Tuseme imekwenda kilomita 1 upande wa magharibi, upepo ukiwa nyuma yake. Kwenda hakuna taabu. Dakika moja na nusu hivi imefika, na betri haikutumika sana. Mwenyewe afurahi. Sasa yataka kurudi, na upepo umekuwa wa mbisho.

Hewa ingekuwa tulivu, ingerudi kwa sekunde 100. Upepo ukiwa wa mita 6, droni hubakiwa na mwendo wa mita 4 tu, na safari ile ile huchukua sekunde 250, yaani zaidi ya dakika 4. Upepo ukiwa wa mita 8, mwendo uliobaki ni mita 2, na safari ni sekunde 500, zaidi ya dakika 8. Ukifika mita 10, droni itasimama pale pale juu ya bahari, panga zikizunguka kwa nguvu zote, na nambari ya umbali katika kioo cha simu haipungui hata kidogo, ila nambari ya betri ndiyo inayopungua.

Twaomba msomaji aitazame hesabu hiyo mara ya pili. Kutoka mita 6 mpaka mita 8 upepo umeongezeka kidogo sana, na mtu aliyesimama chini huenda asiutambue. Lakini muda wa kurudi umekuwa maradufu. Ndipo watu wanapopoteza droni zao: si katika tufani, ambamo hapana arushaye, bali katika upepo ulioonekana wa kadiri na ukaongezeka kidogo baada ya chombo kwisha kwenda mbali. Na zile dakika 31 zilizoandikwa kwa Mini 2 ni za hewa tulivu. Katika upepo mota hufanya kazi zaidi, na dakika hupungua.

Kutokana na hayo, shauri letu ni hili: upepo wa huko juu ukizidi nusu ya mwendo wa droni yako, usirushe. Kwa droni hizi ndogo hiyo ni mita 5 kwa sekunde, yaani daraja la 3. Daraja la 4 waachiwe wenye mazoea, na hao nao wasiende mbali. Wako watakaosema tunaogopa mno. Sisi twaona bora mtu apate picha kesho kuliko kukosa chombo leo.

Shauri la pili ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Anzeni safari kwa kwenda upande utokako upepo, ule manahodha wauitao upande wa joshi. Kwa wengi wetu hiyo ni kuipa bahari ya magharibi mgongo na kuelekea mashariki. Droni itakwenda kwa taabu wakati betri ingali imejaa, nayo itarudi kwa wepesi wakati betri imepungua. Ikiwa sehemu ya shamba mnayoitaka iko magharibi yenu, msisimame pale mlipozoea. Chukueni chombo, mwende kwa miguu mpaka ukingo wa magharibi wa shamba, mrushie kutoka huko. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na huokoa mengi.

Kabla ya kwenda popote, ipandisheni mpaka kimo cha kazi, juu ya vichwa vyenu, kisha ondoeni vidole kwenye rimoti kwa dakika moja. Itazameni. Ikisimama wima, vyema. Ikiinama upande mmoja kama mtu anayesukuma mlango, upepo ni mwingi, na upande inaoinamia ndiko upepo utokako. Simu ikitoa onyo la upepo mkali, msibishane nayo, ishusheni. Na msiondoke kabla simu haijaonyesha kwamba droni imeshika satelaiti na kuandika mahali ilipoondokea, kwani isipoandika haina pa kurudi.

Saa njema ni tangu saa 12 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, kabla jua halijaamsha upepo. Katika majira ya tanga mbili, pepo zikiwa hazijaamua, mtu hupata siku nzuri nyingi, lakini ndiyo miezi ya mvua pia, na wingu zito la mvua hutanguliwa na upepo wake. Likionekana wingu hilo, hata kama liko mbali, teremsheni.

AMRI YA KURUDI NYUMBANI

Droni zote hizi zina amri ya kurudi zenyewe, na wengi wameiweka imani yao yote hapo. Ni amri nzuri, lakini katika upepo ina mtego. Droni iliyo mbali, ikipewa amri hiyo, hupanda kwanza mpaka kimo ilichopangiwa, ili isigonge miti, ndipo ije. Ikiwa mwenyewe alipanga mita 100, droni iliyokuwa ikihangaika na upepo wa mita 40 juu sasa itapanda ikakutane na upepo mkubwa zaidi. Kwa hiyo pangeni kimo kinachopita minazi mirefu ya hapo kwa mita 10 au 15, basi. Minazi mingi mirefu haizidi mita 30.

Na ikitokea kwamba droni haiji, fanyeni hivi bila ya papara. Ikatizeni amri ya kurudi. Iteremsheni mpaka juu kidogo ya vilele, maana huko upepo ni mdogo. Mara nyingi hilo peke yake huitoa droni taabuni. Ikiwa bado haiji, tieni swichi kwenye herufi S, ambako Mini 2 hupata mwendo wa mita 16 kwa sekunde. Lakini jueni kwamba hapo betri huliwa upesi, na yale macho ya kuepa vitu, kwa droni zilizo nayo, hayafanyi kazi. Kama hata hivyo haiji, msishindane nayo mpaka betri ikatike. Iendesheni kwa ubavu wa upepo, mtafute uwanja, njia au konde wazi, mkaitue huko ilhali ina nguvu ya kutua kwa adabu. Simu itaandika mahali ilipotua. Droni iliyotua katika konde la mtu hufuatwa kwa miguu.

Kwa siku za kawaida, betri ikibaki 50 kwa mia droni iwe imekwisha kugeuka, na ikibaki 30 kwa mia iwe chini.

WALIO JUU YA MITI

Haya tuliyoyasema ni juu ya khasara ya mali. Liko jambo kubwa kuliko mali. Msimu wa kuchuma, watu wetu wako juu, mita 10 na zaidi, wameshika tawi kwa mkono mmoja. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na kila mwenye shamba anazo habari za mchumaji aliyeanguka. Droni iliyosukumwa na upepo ikamkurupusha mtu huyo, hata isimguse, yaweza kumwua. Kwa hiyo penye wachumaji droni isirushwe kabisa, wala juu yao wala upande wao utokako upepo, maana huko ndiko itakakotoka ikishindwa. Picha za shamba zipigwe kabla ya wachumaji kufika au baada ya wao kushuka.

Watoto nao hukimbilia kila penye mlio wa droni. Wawekeni nyuma ya mrushaji, si mbele. Msirushie wala msitue karibu na majamvi ya karafuu, kwani upepo wa panga hutawanya karafuu na kuinua vumbi linaloingia katika mota. Mbao pana iliyolazwa chini hufaa sana kwa kurukia na kutulia. Kuidaka droni kwa mkono wakati wa upepo ni tabia tuliyoiona kwa vijana, nasi hatuisifu. Panga zile ndogo hukata kidole mpaka mfupani. Na nyua za watu ni nyua za watu. Mpita njia hupiga hodi. Kamera ipitayo juu haipigi. Waambieni majirani kabla, hasa wanawake walio majumbani mwao.

Juu ya sheria, usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na kurusha droni kwataka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na kibali cha wizara inayohusika na ulinzi. Robo kilo si udhuru. Wanachama walio karibu na kiwanja cha ndege cha Chake Chake wasirushe kitu bila ya ruhusa iliyo wazi, kwani ndege za abiria hushuka chini juu ya mashamba yale.

Mwisho, ikiwa droni imenasa mkarafuuni, zimeni mota kwanza kwa rimoti. Msiutikise mti, wala msipande wenyewe kwa kuwa ni mali yenu. Mwiteni mchumaji mzoefu, aje na kamba yake na upembo, upepo ukiwa umetulia, mumlipe kama anavyolipwa mtu wa kazi. Akishaishusha, itoeni betri. Ikiwa imevimba au imebonyea msiitie chaji tena wala msiiweke ndani ya nyumba. Panga zilizopata ufa, hata ufa mdogo, zitupwe, ziwekwe mpya, na vumbi na chumvi vipanguswe kwa kitambaa kikavu kabla chombo hakijarudi sandukuni.